Mkopo wa trasti wa kubaki na nyumba ya wazazi: nyota tatu na nusu, na hesabu yangu yote

Ninachokipima hapa ni huduma inayotangazwa sana kwetu California: mkopo wa muda mfupi anaopewa si mrithi, bali trasti ya marehemu (mfuko wa kisheria alioweka mali yake akiwa hai ili wagawiwe warithi akifa), ili ndugu mmoja abaki na nyumba ya wazazi, mwingine aondoke na fedha zake, na ushuru wa nyumba usipande. Niliutumia baada ya Mama kufariki mwaka 2024. Nimewapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kazi waliifanya, tena barabara. Nusu nyota na nyingine moja wamezipoteza kwenye hesabu, na mimi ni karani wa mishahara, hesabu mbovu hainipiti. Jina lao nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu ninachotaka mkipime ni huduma yenyewe, si bango la mlangoni.

Kwa watakaosoma wakiwa Mombasa au Dar, lazima kwanza mjue ushuru wa huku ulivyo, la sivyo mtashangaa kwa nini mtu akope kwa riba ya asilimia 10 ilhali benki zinatoa kwa chini ya 7. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13. Tangu hapo ushuru wa msingi wa nyumba ni asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa siku uliponunua, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, hata soko likipaa namna gani. Juu ya asilimia 1 huongezwa madeni yaliyoidhinishwa kwa kura, ya shule na mengineyo. Kwetu jumla inakaribia 1.2. Thamani hiyo ya zamani hudumu mpaka nyumba ibadilishe mwenyewe. Ikibadilisha, mthamini wa kaunti huikadiria upya kwa bei ya siku hiyo. Ndiyo maana majirani wawili wenye nyumba pacha, ukuta kwa ukuta, mmoja hulipa dola 2,500 na mwenzake 10,000, na hakuna aliyedhulumiwa kisheria.

Baba na Mama walinunua nyumba yetu Hayward mwaka 1984 kwa dola 98,000. Kufikia Mama alipotutoka, kwenye vitabu vya kaunti ilikuwa na thamani ya dola 212,000. Mthamini wa kukodi aliipa bei ya soko ya dola 840,000. Ziweke kichwani namba hizo mbili.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Chini ya Pendekezo la 58 la mwaka 1986, mzazi aliweza kumwachia mtoto nyumba aliyokuwa akiishi pamoja na ushuru wake wa zamani, hata kama mtoto anaipangisha na yeye mwenyewe yuko New York. Pendekezo la 19, lililopigiwa kura Novemba 2020, likalifunga dirisha hilo kuanzia Februari 16, 2021. Sasa nyumba iwe ilikuwa makazi ya mzazi, na mtoto aifanye makazi yake ndani ya mwaka mmoja. Na mwaka huo unahesabiwa kuanzia siku ya kifo, si siku hati ilipoandikwa jina lako. Hapo ndipo watu wengi huanguka, maana mirathi ina mambo mengi na mwaka huisha ungali unatafuta risiti za mazishi.

Kuna kikomo pia. Huchukuliwa thamani ya zamani, ikaongezwa dola milioni 1 na ziada inayorekebishwa kila baada ya miaka miwili. Kwa vifo vya kati ya Februari 16, 2023 na Februari 15, 2025 kiasi hicho kilikuwa dola 1,022,600. Kwetu 212,000 ukijumlisha na hiyo ni 1,234,600, na nyumba ni ya 840,000, kwa hiyo hatukugusa dari. Ingekuwa na bei ya 1,400,000, zile 165,400 zilizozidi zingeongezwa kwenye thamani ya ushuru, basi.

Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume anayeishi Houston. Mimi nilikuwa nikiishi na Mama miaka yake ya mwisho, kwa hiyo suala la kuhamia halikuwepo. Trasti inasema tugawane sawa kwa sawa. Mjomba alipiga simu kutoka Mombasa kuuliza mbona nusu kwa nusu, mbona si mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke. Nikamjibu kwa adabu kwamba hilo Mama alilimaliza mwenyewe akiwa hai, mbele yetu sote wawili, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Mjomba akaomba dua, tukahamia kwenye habari za mvua.

Mbali na nyumba, kulikuwa na dola 36,000 benki. Jumla 876,000, kila mtu 438,000. Nikichukua nyumba yote, yeye anachukua zile 36,000 na bado anadai 402,000. Mimi 402,000 sina. Ningekuwa nazo singekuwa naandika haya.

Tulianza na benki tuliyoizoea. Ofisa wa mikopo, mtu mstaarabu, akasema jambo ni dogo: nikope mkopo wa kawaida wa nyumba kwa jina langu, nimlipe ndugu yangu, anisainie hati ya kuniachia nusu yake, mambo kwisha. Riba nzuri, karatasi chache. Wakili wetu aliposikia akaweka kalamu chini. Kisheria huo ni uuzaji kati ya ndugu na ndugu, na msamaha wa Pendekezo la 19 ni wa mzazi kwa mtoto. Hakuna msamaha wa kaka kwa dada. Sehemu inayotoka kwake kuja kwangu ingekadiriwa upya kwa bei ya soko, na ile benki isingejua wala isingejali, kwani ushuru si kazi yao.

Njia iliyobaki ni hii, na ndiyo kampuni hizi zinayoiuza. Mdhamini wa trasti, yaani msimamizi wake, si mtu wa kudhamini mkopo, ana uwezo wa kugawa mali kwa vipande visivyofanana, ilimradi thamani iwe sawa: huyu nyumba, yule fedha. Fedha zikipungua, trasti yenyewe inakopa kwa kuiweka nyumba rehani, inamlipa mrithi mmoja kwa fedha za mkopo, kisha inamkabidhi mwingine nyumba pamoja na deni lake. Kwa macho ya mthamini wa kaunti, nyumba nzima imetoka kwa Mama kuja kwangu. Ndugu yangu hakuwahi kuimiliki, alirithi pesa. Masharti ni makali. Mkopeshaji awe mtu wa tatu, asiwe mimi ninayechukua nyumba. Nisiudhamini mkopo kwa mshahara wangu wala kwa saini yangu binafsi; mimi nasaini kama mdhamini wa trasti tu. Pesa ziingie kwenye trasti kabla nyumba haijatoka, ziende kwake kutoka kwenye trasti. Ukigeuza mpangilio huo hata kwa wiki moja, umenunua nyumba kwa ndugu yako. Na karatasi za trasti lazima zimruhusu mdhamini kugawa hivyo, au angalau zisimkataze.

Mtu wa tatu si lazima awe kampuni. Hata mjomba angeweza, kama angekuwa na dola 400,000 zimekaa bure. Benki za kawaida ndizo zinazokwepa, kwa kuwa trasti ya marehemu haina mshahara wala historia ya mikopo, na mrithi haruhusiwi kuidhamini. Kwa hiyo soko limeachiwa wakopeshaji binafsi wanaoangalia kitu kimoja: nyumba ina thamani gani na deni ni sehemu gani ya hiyo thamani. Letu lilikuwa karibu nusu, wakatabasamu.

Sasa uzuri wao. Kijana aliyetuhudumia aliisoma trasti yote kabla ya kutaja bei, akatuonyesha mwenyewe kifungu cha ugawaji kilipo. Alipogundua kwamba hati ya nyumba bado ina jina la Baba aliyefariki zamani pamoja na la Mama kama wadhamini, alituambia tusajili kwanza tamko la kifo cha mdhamini, la sivyo kila kitu kingegoma kwenye usajili. Pesa zilitoka haraka kuliko nilivyozoea kuona kwa watu wanaotoa mikopo. Na waliandaa barua ya kuambatanishwa kwenye maombi ya kaunti, inayoeleza nani alikopa, nani alilipwa, kiasi gani, tarehe gani, na kwamba mrithi hakuudhamini mkopo. Barua hiyo peke yake ina thamani. Wakili wangu angeiandika pia, lakini yeye huhesabu kwa saa.

Jambo jingine walilonifaa nalo lilihusu wema wa ndugu yangu. Alipoona ada zinavyonielemea, akapiga simu: "Dada, nikatie 20,000 kwenye fungu langu, mimi sina haja ya senti zote." Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Kijana yule na wakili wote wawili wakakataa. Akipokea pungufu ya haki yake, kile alichoniachia kinasomeka kama sehemu ya nyumba iliyotoka kwake kuja kwangu, yaani ndugu kwa ndugu, na sehemu hiyo inakadiriwa upya. Basi akapokea 402,000 kamili, na zile 36,000.

Hesabu sasa. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo: unaweka thamani ya ushuru ya zamani, unaweka bei ya soko, kinakupa "akiba yako ya kila mwaka". Mimi kilinipa zaidi kidogo ya dola 7,500. Namba tamu. Nilichukua karatasi nikafuatilia walivyoipata: asilimia 1.2 ya 840,000 ni 10,080, asilimia 1.2 ya 212,000 ni 2,544. Toa, unapata 7,536. Ni hesabu sahihi ya swali lisiloulizwa. Wanailinganisha hali yangu na nyumba nzima kukadiriwa upya, wakati hata kama ningefuata ushauri wa benki, fungu langu mwenyewe lilitoka kwa Mama na lingebaki na thamani yake ya zamani. Kinachopanda ni kile kinachotoka kwa ndugu tu. Kwetu ni 402,000 kati ya 840,000, chini kidogo ya nusu. Fungu langu lingebaki na 110,500 hivi kwenye vitabu, la kwake lingeandikwa 402,000, jumla kama 512,500. Ushuru wake ni 6,150. Tofauti na 2,544 ni dola 3,600 kwa mwaka. Si 7,500.

Nilimwuliza kijana. Akasema kwamba kikokotoo ni cha "kukadiria tu". Kukadiria kunakozidisha mara mbili, tena daima kwa upande wa muuzaji, mimi nina jina jingine kwake, lakini ni mwezi wa watu kusameheana. Nyota moja imeondokea hapo.

Akiba hiyo inanunuliwa kwa bei gani? Mkopo wote ulikuwa 425,000. Pointi mbili na nusu, yaani ada ya asilimia 2.5 ya mkopo: 10,625. Ada ya nyaraka: 1,495. Mthamini: 700. Kampuni ya hati na usajili: 2,900. Riba ilikuwa asilimia 10.25, yaani kama 3,630 kwa mwezi, na mkataba una kifungu cha riba ya chini kabisa ya miezi minne, hata ukilipa deni lote wiki inayofuata. Hiyo ni 14,520. Miezi miwili walikata humo humo kwenye mkopo, miwili nikalipa. Jumla ni dola 30,240. Gawanya kwa 3,600 na uruhusu tofauti ikue kwa asilimia 2 kila mwaka, unahitaji kama miaka minane kurudisha pesa yako. Ukitumia namba ya tovuti yao utadhani ni minne.

Mimi nina nia ya kukaa humu mpaka nistaafu na baada ya hapo, kwa hiyo minane naivumilia. Mwenye mpango wa kuuza baada ya miaka mitano amepata hasara, na kikokotoo kitampongeza.

Nusu nyota imeondoka kwa sababu ya pointi. Kwenye karatasi ya kwanza zilikuwa mbili. Kwenye karatasi ya kusaini, mbili na nusu. Tofauti ni 2,125. Maelezo yalikuwa kwamba nyumba ina chumba cha nyuma ambacho mkadiriaji wao alikiona "si cha kawaida". Chumba hicho kina kibali cha jiji na kimo kwenye vitabu vya kaunti tangu kilipojengwa. Wakili alibishana, wakashikilia. Wakati huo ndugu yangu ameshapanga mambo yake akitegemea tarehe, nasi tukasaini. Ukienda kwao, au kwa mwingine yeyote, omba ile karatasi ya kwanza iwe na maandishi kwamba pointi hazitabadilika mradi bei ya mthamini haijashuka. Kifungu cha riba ya chini nacho kiulizie mapema. Kuna wakopeshaji wengine wanaoomba miezi mitatu, na wengine hawaombi kabisa lakini wanapandisha pointi. Piga jumla, usiangalie riba peke yake.

Kutoka kwenye mkopo wao kwenda kwenye mkopo wa kawaida kulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Hati ilipokuja kwa jina langu, benki ikanitazama kama mwenye nyumba anayebadilisha mkopo, wakapima mshahara wangu kama wanavyompima yeyote, wakanipa asilimia 6.75 kwa miaka 30. Nalipa kama 2,757 kwa mwezi, ushuru na bima kando. Ila hakikisha kabla hujaanza kwamba utapita kwenye mizani ya benki. Mkopo wa trasti ni wa muda mfupi. Ukiisha na hakuna benki iliyokukubali, nyumba ndiyo rehani. Kwa haki yao, kampuni hii iliniomba barua ya benki ya awali kabla ya kutoa senti, na hilo nimelihesabu kwenye nyota walizobaki nazo.

Karatasi za kaunti nilizifanya mwenyewe, na sioni kwa nini mtu alipie. Kuna taarifa ya kifo cha mwenye mali, fomu BOE-502-D, inayotakiwa ndani ya siku 150. Kuna BOE-19-P, ya kudai msamaha wa mzazi na mtoto, ambako ile barua ya mkopeshaji inaambatanishwa pamoja na nakala ya trasti. Hati mpya inaposajiliwa huenda na fomu ya taarifa ya mabadiliko ya umiliki. Na kuna dai la msamaha wa mwenye nyumba anayeishi humo, unaopunguza dola 7,000 kwenye thamani. Kwa pesa ni dola 70 na ushei tu kwa mwaka, na watu huliacha kwa kudharau. Usilidharau. Pendekezo la 19 linataka uwe umeliomba ndani ya mwaka mmoja, na ndilo ushahidi kwamba unaishi humo kweli. Dada aliyenipokea kwenye dirisha la mthamini wa kaunti aliniambia niweke nakala ya hundi aliyolipwa ndugu yangu, inayoonyesha kwamba imetoka kwenye akaunti ya trasti. Ushauri bora niliopata katika safari nzima, na ulikuwa bure.

Endelea kulipa ushuru kwa tarehe zake, Desemba 10 na Aprili 10, hata kama ombi lako halijajibiwa. Adhabu ya kuchelewa haisubiri barua.

Niongeze hili kwa kuwa ndugu na jamaa wameniuliza sana. Ndugu yangu hakulipa kodi ya mapato kwa zile 438,000. Urithi si mapato kwa serikali ya Marekani, na California haina kodi ya urithi. Kodi ya serikali kuu kwenye mali ya marehemu mwaka 2024 ilianzia juu ya dola milioni 13.61, na sisi si wa huko. Halafu kuna thamani mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kaunti, ya ushuru wa kila mwaka, kwangu imebaki 212,000. Ya kodi ya faida siku nikiuza, imepanda mpaka bei ya soko ya siku ya kifo, 840,000. Kushusha moja hakushushi nyingine. Nilimsikia mtu akiacha kudai msamaha wa Pendekezo la 19 kwa kuogopa kodi ya faida. Amejinyima bure.

Nani aiache huduma hii? Asiyekusudia kuishi kwenye nyumba, kwa sababu msamaha wenyewe hana, na mkopo huu hautampa. Aliyerithi nyumba iliyonunuliwa miaka ya karibuni, ambayo thamani ya kaunti na ya soko zinakaribiana. Atalipa dola 30,000 kuokoa mia chache. Na aliye na pesa au mali nyingine za kutosha ndani ya trasti kumsawazishia ndugu yake: mgawanye tu, hamhitaji mkopeshaji. Walio watatu au wanne ndio wanaofaidika zaidi, kwani sehemu inayotoka kwa ndugu ni theluthi mbili au robo tatu ya nyumba, na hapo akiba inakaribia ile ya kikokotoo. Lakini mkopo nao unakua, na benki ya mwisho itataka mshahara wa kuubeba. Ukiwa na nyumba ya 840,000 na ndugu watatu wa kulipwa, unahitaji 630,000. Jiulize hilo kabla hujamfikiria mthamini wa kaunti.

Wazazi wako kama wako hai na wana trasti, kaeni nao muisome. Tafuteni maneno yanayomruhusu mdhamini kugawa mali kwa mafungu yasiyofanana na kukopa kwa kuweka nyumba rehani. Kama hayapo, kuyaongeza sasa ni kazi ndogo ya wakili. Baada ya mauti hakuna wa kuyasaini. Mama yetu aliyaweka bila kujua yangekuja kufanya nini, kwa sababu wakili wake wa wakati ule alikuwa na mkono mrefu wa kuandika.

Wiki iliyopita kampuni imeniandikia, inanipa kadi ya zawadi ya dola 50 nikiwaandikia maoni ya nyota tano. Nimewajibu kwamba kadi wabaki nayo, na kwamba kikokotoo chao kinahitaji kisanduku kimoja zaidi: ndugu mko wangapi.